Figo Hazioshwi kwa Ndoo ya Maji



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetuneemesha kwa maji matamu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, safu ya leo naiandika nikiwa na deni. Ni deni la kauli niliyoitoa kwa kipaza sauti cha msikiti hapa Nkoma, Ramadhani iliyopita, kuhusu jambo ambalo sikuwa na elimu nalo. Nimekwisha kuirekebisha mbele ya waumini wenzangu. Lakini kwa kuwa kauli za namna ile bado zinazunguka katika simu, majumbani na hata katika baraza za misikiti, nimeona ni wajibu niiandike na hapa, ili mwingine asirudie kosa langu.

Kwa asiyeifahamu, Nkoma ni kata katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Zamani tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi katika Mkoa wa Shinyanga, mpaka ulipoanzishwa mkoa mpya mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na ni nchi ya kiangazi kirefu. Kiangazi kikishika, kina mama na vijana huchimba mchanga wa mito iliyokauka, wakasubiri maji yatuame, kisha wakajaza madumu ya lita 20 yanayosafirishwa kwa baiskeli au punda. Mtu aliyekulia katika hali hiyo ni vigumu kuamini kwamba maji yanaweza kuzidi. Kwetu sisi maji yamezoea kupungua.

Pengine ndiyo sababu sikusita. Usiku wa pili wa Ramadhani, baada ya Swala ya Tarawehe, nilisimama kutoa matangazo ya kamati. Nilipomaliza habari za futari ya pamoja na mchango wa umeme, nikaongeza la kwangu. Nilikuwa nimepokea ujumbe katika simu, mrefu, usio na jina la mwandishi wala la daktari. Nikawaambia waumini kwamba kila mmoja anywe si chini ya lita nne kati ya futari na daku, na kwamba wenye matatizo ya figo ndio wazidishe, kwa sababu maji huosha figo.

Katika safu ya kwanza alikuwapo mzee wetu mmoja ambaye kwa miaka kadhaa anaugua figo, maradhi yaliyotokana na shinikizo la damu. Daktari alikuwa amemwambia asifunge, na alikuwa amempangia kiasi cha maji ya kunywa kwa siku. Kijana wake mkubwa alilisikia tangazo langu akalibeba nyumbani kama amana. Kila usiku alimpangia baba yake chupa za maji kando ya kitanda, na mzee, kwa kuona kuwa neno limetoka msikitini, akanywa. Siku ya tano miguu ilikuwa imevimba, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na mazungumzo yake yameanza kupotea njia. Akakimbizwa hospitali. Alhamdulillah, alipewa dawa za kuyatoa maji yaliyozidi, na alirudi nyumbani kabla ya Idi.

Nilikwenda kumjulia hali. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Katibu. Karibu ukae." Nilipomwomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tangazo lako lilikuwa la watu wote, Katibu. Maradhi haya ni yangu peke yangu. Ungeniuliza kwanza, na mimi ningemuuliza daktari." Kijana wake alikuwa ameketi mlangoni, hakuinua uso. Nikatambua kuwa yeye ndiye aliyeumia kuliko sote, kwani alidhani anamtumikia mzazi wake.

Nikiwa chuoni tulisoma Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kuhusu mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali wale waliotoa jibu bila ya elimu, na akabainisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Nimeisoma Hadithi hiyo mara nyingi kama mlango wa tayamamu. Sasa naisoma pia kama habari yangu mwenyewe.

Baada ya hapo niliuliza. Haya ninayoyaandika ni niliyojifunza kwa wataalamu wa afya na katika maandishi yao.

Figo zinafanya kazi gani

Figo ni mbili, kila moja kiasi cha ngumi ya mtu mzima, ziko mgongoni chini ya mbavu. Katika kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki kama mkojo kwa kawaida ni lita moja hadi mbili.

Hesabu hiyo peke yake inatosha kuondoa dhana ya kuosha. Figo haikai ikingoja mtu aimwagie maji kama sufuria iliyoungua. Yenyewe ndiyo inayosafisha, na maji inayoyatumia huyarejesha na kuyatumia tena na tena. Kazi yake kubwa nyingine ni kupima: mwili ukiwa na maji machache huyazuia na mkojo ukawa mzito, yakizidi huyaachia na mkojo ukawa mweupe. Mtu mwenye afya anayekunywa maji kwa kiu yake anaisaidia figo vya kutosha.

Ghala la maji hatuna. Anayekunywa lita mbili kwa mkupuo dakika chache kabla ya adhana ya Alfajiri akidhani anaweka akiba ya mchana, hajaweka kitu. Figo zitaanza kuyatoa maji hayo ndani ya muda mfupi, naye atakuwa na safari nyingi za msalani kabla ya jua kupanda.

Maji yakizidi uwezo

Figo zenye afya zinaweza kutoa takribani lita moja ya maji kwa saa, hata pungufu ya hapo. Akinywa mtu zaidi ya uwezo huo kwa saa kadhaa mfululizo, maji hubaki mwilini na kuizimua chumvi ya damu, ile inayoitwa sodiamu. Kiwango chake cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita moja. Kikishuka sana na kwa haraka, maji huingia ndani ya chembe za mwili na kuzivimbisha. Mguu ukivimba unayo nafasi, lakini ubongo umo ndani ya fuvu na hauna pa kwenda. Dalili huanza kwa kichefuchefu, kutapika na maumivu ya kichwa, kisha kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Dalili hizi zinafanana sana na za malaria, na hapa kwetu ni rahisi mtu kuzidishiwa maji kwa kudhaniwa kuwa ana homa.

Mambo haya yametokea kwa watu wazima wenye afya njema. Januari 2007 katika mji wa Sacramento, Marekani, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 28 alifariki baada ya kushiriki shindano la redio la kunywa maji mengi bila ya kwenda haja ndogo. Zawadi ilikuwa mashine ya michezo ya watoto. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 2002 watafiti waliwapima wakimbiaji 488 mwisho wa mbio, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu pungufu. Kilichoambatana zaidi na hali hiyo kilikuwa kunywa kupita kiasi njiani, hata mtu akamaliza mbio akiwa na uzito mkubwa kuliko alioanza nao.

Tena uwezo wa figo si uleule kila siku. Maumivu makali, kichefuchefu, baadhi ya maradhi na baadhi ya dawa huufanya mwili uyazuie maji hata pale ambapo hauyahitaji. Wazee wanaotumia aina fulani za dawa za presha zinazoongeza mkojo nao sodiamu yao hushuka kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kiasi kilichomfaa kijana anayelima kinaweza kumdhuru babu yake aliyelala ndani.

Mwenye figo mbovu

Hapa ndipo lilipokuwa kosa langu kubwa. Kwa mtu mzima wa afya, maji mengi mara nyingi huishia msalani. Kwa mtu ambaye figo zake zimefikia hatua ya kushindwa kutoa mkojo wa kutosha, maji hayana mlango wa kutokea. Hukaa miguuni, tumboni na katika mapafu, yakapandisha shinikizo la damu na kuulemea moyo. Mwenye moyo dhaifu au ini lililoharibika naye huweza kuwa katika hatari hiyohiyo.

Waulizeni wenzetu wanaosafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida huhudhuria mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara, na kati ya siku na siku wengi wao huhesabu kila kikombe: maji, chai, uji, hata mchuzi. Nchi yetu imepiga hatua, kwani Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hata hivyo, safari ya mgonjwa ni ndefu na ya gharama. Si uungwana kumwongezea uzito kwa ushauri wa barabarani.

Je, maji mengi humsaidia angalau yule ambaye figo zake zimeanza kuchoka tu? Watafiti wa Kanada waliliuliza swali hilo. Waliwachukua wagonjwa 631 wenye maradhi ya figo ya kiwango cha kati, wakawashauri baadhi yao wazidishe maji na wengine waendelee na desturi yao. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: baada ya mwaka mmoja, kushuka kwa uwezo wa figo hakukutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi hayo mawili.

Yanayoharibu figo kwa wingi ni shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa. Yanafuata mazoea ya kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki siku baada ya siku bila ya ushauri, na dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo chake. Madhara hayo hayaondolewi kwa ndoo ya maji. Anayetaka kuzihifadhi figo zake na aanze kwa kupima presha na sukari.

Glasi nane zimetoka wapi

Wengi tumeambiwa kuwa glasi nane kwa siku ni lazima. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilitaja lita mbili na nusu kwa siku kwa mtu mzima, na ikaeleza hapohapo kuwa sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari ndani ya chakula. Inaelekea watu walilishika la kwanza wakaliacha la pili. Mwaka 2002 Profesa Heinz Valtin wa Marekani, aliyetumia umri wake kuchunguza figo, alipekua maandishi ya kitaalamu na hakupata ushahidi kwamba kila mtu mwenye afya anahitaji glasi nane za maji matupu. Uji wa asubuhi, maziwa, mlenda, tikiti na chai vyote vina maji, na vyote huhesabiwa.

Kina mama na watoto

Naomba kina mama wanisikilize kwa makini. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata wakati wa jua kali la Oktoba. Maziwa ya mama yanamtosheleza kwa chakula na kwa kinywaji, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoagiza. Figo za mtoto huyo ni changa. Akinyweshwa maji mengi, sodiamu yake hushuka na anaweza kupatwa na degedege, kisha majirani wakasema amerogwa. Bibi anayempa mjukuu wake maji kwa kijiko anafanya hivyo kwa huruma, basi aelezwe kwa adabu na kwa huruma ileile.

Mtoto mkubwa anayeharisha, kinyume chake, anapoteza maji pamoja na chumvi. Ndiyo maana hupewa maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Maji matupu peke yake hayarudishi chumvi iliyotoka.

Lipo na jambo la vijana wetu wanaooga na kuchunga kando ya malambo. Kijana akikojoa damu, husemwa kuwa amekuwa mkubwa, au huambiwa anywe maji mengi mkojo usafike. Katika kanda yetu ya Ziwa sababu mara nyingi ni kichocho. Vijidudu vyake huingia kwa ngozi katika maji yaliyotuama, na mtu akikaa nacho miaka mingi kinaweza kuharibu kibofu, mirija ya mkojo na hatimaye figo. Dawa yake ipo, nayo hutolewa katika vituo vya afya. Mkojo kuwa mweupe baada ya jagi la maji si kupona.

Tusiende upande wa pili

Sitaki nitoke katika kosa moja niingie katika jingine. Wapo wanaopaswa kunywa maji mengi. Aliyewahi kuwa na mawe katika figo hushauriwa anywe hadi mkojo wake ufike lita mbili na nusu kwa siku. Anayepalilia pamba juani hutoka jasho jingi, naye akijinyima maji siku nenda siku rudi anaziumiza figo zake. Wapo kina dada wanaojizuia kunywa kwa sababu shuleni au safarini hakuna choo cha staha. Hilo nalo ni dhara, na kamati za misikiti na za shule zinao wajibu wa kujenga vyoo.

Dini yetu imetufundisha kati na kati katika jambo hili. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah (S.W.) ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza israfu, na kunywa kumetajwa humo waziwazi. Mtume (S.A.W.) ameelekeza kuwa anayelazimika kulijaza tumbo lake basi aligawe mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Sunna ya kunywa ni kuvuta pumzi mara tatu nje ya chombo, wala si kukupua. Hata maji ya Zamzam, ambayo mahujaji wetu hutuletea katika dumu la lita tano, mgonjwa wa figo anaweza kutabaruku nayo kwa kikombe kidogo. Baraka haipimwi kwa lita.

Basi kwa ufupi, mwenye afya anywe anapohisi kiu, na azidishe kwenye jua na kazi. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni dalili njema. Mfungaji agawe kinywaji chake kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Mwenye maradhi ya figo, moyo au ini amuulize daktari wake swali moja lililo wazi: ninywe kiasi gani kwa siku? Jibu liandikwe na libandikwe mahali ambapo kila anayemhudumia ataliona, ili upendo wa watoto usije ukawa sababu ya madhara.

Nasi viongozi wa misikiti tukumbuke Suratul Israa, aya ya 36, inayotukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na inayotukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kamati yetu imekubaliana kwamba tangazo lolote la afya lipitiwe kwanza na mganga au muuguzi kabla ya kusomwa. Mzee wetu amerudi katika safu ya kwanza. Karatasi ya daktari wake iko ukutani nyumbani kwake, na kijana wake ndiye anayempimia maji kwa kikombe, asubuhi na jioni.

Namwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, atusamehe tulipokosea, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.